Nani Aliuza Jina la Merseyside Red?

Kama ulicheza PES 6 kwa kibanda cha PS mtaani, basi unakumbuka kuna wakati Liverpool haikuwa Liverpool. Ilikuwa Merseyside Red. Everton ilikuwa Merseyside Blue, na Chelsea ikaitwa London FC. Hakuna aliyelia. Shabiki wa Chelsea alichukua London FC yake, akalipia mechi, kelele zikaendelea kama kawaida. Lakini kwenye diski hiyo hiyo Arsenal na Manchester United zilikuwa na jina, nembo na jezi halisi. Nadharia zilikuwa kibao pale kwa benchi: diski ni feki, Wajapani hawajui kuandika majina ya Kizungu, mwenye kibanda amenunua toleo la bei ya chini. Jibu lenyewe lilikuwa kwa mawakili. Arsenal na Manchester United walikuwa wamesaini na Konami. Liverpool na Chelsea, hapana.

Tangu nijue hivyo, siwezi kuangalia gemu ya mpira kama gemu tu. Naiona kama daftari la mikataba lenye nyasi juu yake.

Turudi nyuma kidogo. Mwisho wa 1993 EA ilitoa FIFA International Soccer. Ilikuwa na jina la FIFA kwenye boksi na timu za taifa ndani, lakini wachezaji wote walikuwa wa kubuni. Mpaka hapo kampuni ilikuwa imenunua jina la shirikisho, na shirikisho halimiliki jina la mchezaji. Majina halisi yaliingia na FIFA 96, baada ya makubaliano na FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani ulioanzishwa Paris mwaka 1965. Ni vizuri tulikumbuke hilo: majina ya wachezaji yalifika kwenye gemu kupitia chama cha wafanyakazi.

Konami wao walipita njia ya panya. Jina ambalo hawakuwa nalo walilipinda. Roberto Carlos akawa Roberto Larcos. Timu ya Uholanzi, miaka ya mwanzo ya 2000, ilijaa watu walioitwa Oranges wakifuatiwa na namba, kama wafungwa. Na kwenye Master League ulianza na kina Castolo na Minanda, watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Tuliwapenda sana. Konami nao waliwapenda, kwa sababu Castolo hana wakala, hana chama, na hawezi kwenda kortini.

Oliver Kahn alikwenda. Kipa huyo wa Ujerumani, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la 2002, alijikuta ndani ya gemu ya EA ya kombe hilo. Akashtaki huko Hamburg akisema yeye binafsi hakutoa ruhusa, na korti ikamkubalia. Miaka mingi baadaye, Novemba 2020, Zlatan Ibrahimović aliuliza hadharani swali lile lile: nani aliipa EA ruhusa ya kutumia jina na uso wake? Alikuwa akichezea AC Milan, klabu iliyokuwa na mkataba na EA, na FIFPRO nayo ilikuwa na wake. Mtu mmoja, mikataba miwili juu ya kichwa chake, na bado anauliza nani ameuza.

Ukitaka kuelewa kwa nini swali hilo haliishi, mtazame mchezaji mmoja akiingia uwanjani kwenye skrini. Jina lake linatoka kwa chama cha wachezaji au kwake mwenyewe. Jezi na nembo ni za klabu. Maandishi kifuani ni ya mdhamini. Beji ya begani ni ya ligi, na mpira wenyewe una kampuni iliyoutengeneza. Kombe anaponyanyua lina mwenyewe, na wimbo unaopigwa kabla ya mechi vile vile. Ndiyo maana ndani ya kampuni hizi kuna watu ambao hawaandiki programu wala hawachori nyasi. Kazi yao ni kuzunguka wakitafuta sahihi: leo wako na ligi, kesho na klabu, keshokutwa wanapanga siku ya wachezaji kupigwa picha za uso kwa kamera nyingi. Sahihi moja ikikosekana, mchoraji anaambiwa afute.

Halafu kuna kufungiana. Mkataba ukisema haki ni za kampuni moja pekee, mpinzani anabaki nje hata akiwa na pesa. Mwaka 2019 Juventus waliipa Konami haki zao peke yake. Kwenye FIFA 20, Cristiano Ronaldo akawa mchezaji wa timu inayoitwa Piemonte Calcio. Uso ulikuwa wake na jina lilikuwa lake. Klabu ndiyo ilipotea. Manchester United nao walifika kortini na Sega kwa sababu ya jina lao kwenye Football Manager. Baada ya kupatana, toleo la 2022 likawaita Manchester UFC.

Mwishowe hata FIFA yenyewe ilijaribu kupandisha bei. Mwaka 2021 New York Times liliripoti kwamba ilitaka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila miaka 4, mara mbili ya ilichokuwa ikipata. EA wakapiga hesabu. Tayari walikuwa na ligi zaidi ya 30, timu zaidi ya 700 na wachezaji zaidi ya 19,000 waliopatikana kwa mikataba mingine kabisa. Sasa neno FIFA lilikuwa linaleta nini? Mei 2022 wakatangaza talaka, na Septemba 2023 gemu ikatoka ikiitwa EA Sports FC 24. Watoto mtaani bado wanaiita FIFA, lakini kwa jina hilo la mdomoni shirikisho halipati hata ndururu.

Sasa twende nyumbani, maana hapa ndipo inaniuma.

Mwaka 2015 Michael Olunga alifunga mabao 19 na Gor Mahia wakachukua ligi bila kufungwa hata mechi moja. Kwenye gemu ya mwaka huo hakuwepo. Hata kama Oranges mwenye namba hakuwepo. Mwaka 2016 akaenda Djurgården ya Sweden, kisha 2017 akatua Girona kwa mkopo, akawapiga Las Palmas hat-trick Januari 2018. Ligi hizo zote zilikuwa zimeuza haki zao, kwa hivyo akawa mtu wa gemu: ana jina, ana alama za kasi, unaweza kumnunua. Ni miguu ile ile iliyokuwa ikikimbia City Stadium. Victor Wanyama vivyo hivyo. Wengi duniani walimchagua kwa sababu alikuwa Celtic, Southampton na Tottenham, na jezi ya Harambee Stars ilibaki nje. Kwa kampuni hizi, Mkenya huanza kuishi akishapita Immigration pale JKIA.

Rahisi kusema wazungu wametudharau, na labda dharau ipo. Lakini hebu jiweke kwenye kiti cha yule mtafuta sahihi. Amekuja Nairobi na kalamu. Anamsainisha nani? Ligi ilikuwa ya KPL, kampuni ya klabu zenyewe, mpaka 2020, kisha FKF wakaichukua. SuperSport, waliokuwa wakiionyesha, walivunja mkataba 2017 baada ya ligi kuongezwa kutoka timu 16 hadi 18. SportPesa wakaondoa udhamini 2019. Novemba 2021 waziri akaivunja FKF, na Februari 2022 FIFA ikatufungia nje mpaka Novemba. Mkataba wa gemu hudumu miaka. Sisi ndani ya miaka mitano hatukuweza hata kukubaliana nani mwenye nyumba.

Na njia ya kando ipo. Kaizer Chiefs na Orlando Pirates walionekana kwa miaka kadhaa kwenye FIFA, katika kundi la timu za dunia nzima, bila ligi yao ya Afrika Kusini kuwemo. Gor Mahia walibeba Kombe la Washindi Afrika 1987. AFC Leopards wana mashabiki wanaojaza Nyayo siku ya Mashemeji Derby. Hizo ni historia za kuuzika, mradi klabu ijue nembo ni ya nani kisheria na picha za zamani ziko kwa nani. Wachezaji nao wana chama, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO. Ni mlango ule ule uliopitisha majina kwenye FIFA 96.

Wakati wakubwa wanavutana, vijana wenye laptopu wamejichukulia hatua. Wanafungua faili za gemu, wanachora jezi ya kijani ya Gor, wanaandika majina ya kikosi kimoja kimoja, wanarushiana kwa WhatsApp. Nimecheza moja ya hizo, na raha yake siwezi kuificha: kuona jina la jirani likipita chini ya skrini baada ya bao. Lakini yule straika wa kweli, anayengoja mshahara wa miezi mitatu iliyopita, hapati chochote kwa jina hilo. Ukikutana naye siku moja akiwa karibu kusaini na klabu, usimuombe selfie kwanza. Muulize kama amesoma kile kifungu kuhusu jina na picha yake, na kama hakuna, amwambie mwenye klabu akiandike kabla hajaweka sahihi.