Ufalme wa Katiba

Istilahi hii aghalabu huandikwa "ufalme wa kikatiba", walakini mimi nauona ufasaha zaidi katika "ufalme wa katiba", kwa kuwa kile kiambishi ki- huarifu namna ya kitu, kana kwamba ufalme ulikuwapo kwanza kisha ukavishwa katiba mithili ya joho, ilhali katika nchi nyingi za Ulaya zilizobakiwa na wafalme, sheria ndiyo impayo mfalme kiti, nayo ndiyo iwezayo kumwondoa.

Tuyatazame maneno yenyewe. Malkia, milki na kumiliki ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni mzizi wa kushika kitu kikawa chako. Katiba ni nduguye kitabu na katibu, wa mzizi wa kuandika, na kwa maana hii ya sheria kuu tumelichagua wenyewe, maana Waarabu husema dustur. Mwenye milki, basi, amekuwa mtu wa maandiko.

Maandiko hayo hutofautiana nchi kwa nchi: Uingereza haikuikusanya katiba yake katika waraka mmoja. Uswidi, kwa katiba ya mwaka 1974, ilimwondolea mfalme hata kazi ya kumteua waziri mkuu, ikampa Spika. Lakini Ubelgiji ndiko yalikotokea ya kuzingatiwa. Mwezi wa Aprili 1990, Mfalme Baudouin, Mkatoliki mwenye kuishika dini yake, alikataa kuitia saini sheria iliyoruhusu utoaji mimba. Mawaziri wakamtangaza kuwa hawezi kutawala, wakaitia saini wao, na baada ya siku mbili hivi Bunge likamrudisha kitini. Namheshimu kwa kuitii dhamiri yake, walakini siku zile zilidhihirisha kwamba nchi yaweza kwenda bila mkono wa mfalme, na kwa rai yangu falme hizi zitadumu maadamu kalamu ya mfalme haishindani na Bunge.

Luxembourg haikungoja mara ya pili. Katiba yake ilisema kwamba Duki Mkuu huidhinisha na kutangaza sheria. Mwaka 2008 Henri, aliyekuwa na cheo hicho, alipokataa kuidhinisha sheria ya kuwaruhusu wagonjwa wasio na tumaini la kupona wasaidiwe kufa kwa hiari yao, Bunge liliirekebisha katiba, na tangu mwaka 2009 neno "huidhinisha" halimo tena: limebaki "hutangaza".