Ujiji na Maji Yaliyouhama

Ujiji umekaa katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Masika yakwishapo huvuma kusi, na wavuvi hulicha ziwa.

Misafara ya pwani ilikuta hapa soko la samaki, mawese na chumvi ya Uvinza. Biashara ya pembe na ya watumwa ikastawi. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na mji ukapata sifa kwa maamkizi yale kuliko kwa yote uliyotenda wenyewe.

Husemwa kwamba Ujiji ulidhoofishwa na reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Naona maji yalitangulia. Mwaka 1878 ziwa lilifurika, likavunja kizuizi cha mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi, likamwagikia Kongo. Kabla ya karne kwisha lilikuwa limeshuka mita zipatazo 10. Ufuko wa Ujiji una mteremko mdogo, kwa hiyo maji yalijitenga na nyumba, vyombo vikakosa pa kutia nanga. Reli ilipotafuta bandari ilifuata kina cha ghuba ya Kigoma, maili chache tu kutoka hapo. Asimamaye leo penye ukumbusho wa Livingstone hulitazama ziwa kwa mbali.