Sindano Moja, Uzi Mmoja: Blanketi la Mtoto Lilikotoka

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Jirani yako kajifungua. Unataka kwenda kumpa hongera, na unajua si vizuri kuingia kwa mzazi mikono mitupu. Mgao umebaki kidogo, sabuni ni ya kuhesabu, pesa hakuna. Lakini una uzi ulioufumua kwenye sweta kuukuu la mtumba, na una sindano ya kroshia. Basi unaanza kufuma blanketi.

Leo tunafuata kazi hiyo ilikotoka. Wengi wanaiona kuwa kazi ya kupitisha muda. Historia yake inasema mengine: iliwahi kulisha watu waliokuwa wakifa njaa.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, crochet, maana yake kulabu ndogo. Ndiyo maana ndugu zetu wa Kongo na Burundi husema kroshe, na Tanzania na Kenya tunasema kroshia. Anayefuma kwa sindano mbili hubeba vitanzi vingi kwa wakati mmoja, na sindano ikichomoka vinaanza kufumuka. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Mama anaweza kuiweka chini, akanyonyesha, akasonga ugali, akaenda kupanga foleni ya maji, kisha akaendelea palepale alipoachia. Kumbuka jambo hilo, maana ndilo lililoifanya kazi hii iwafae watu wenye shida.

Twende Ireland, kisiwa kilichokuwa wakati huo chini ya utawala wa Uingereza. Mwaka 1841 watu wake walikuwa zaidi ya milioni 8, na maskini wengi walitegemea zao moja: viazi mviringo, vile ambavyo wengine mnaviita viazi ulaya. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa uliovigeuza viazi kuwa uozo mweusi ardhini. Mwaka uliofuata ukarudi kwa nguvu zaidi. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Nafaka na ng'ombe waliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza wakati wenye mashamba madogo wakifukuzwa kwa kushindwa kulipa kodi ya ardhi. Waliokimbilia Kanada walishushwa kwanza Grosse Île, kisiwa cha karantini katika mto Saint Lawrence. Mwaka 1847 peke yake walizikwa pale zaidi ya watu 5,000.

(Muziki mfupi)

Katikati ya balaa hilo ndipo kroshia iliposhika. Watawa wa Ursula huko Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana kufuma lesi kwa sindano ya kulabu. Kaskazini, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana, alifika na mumewe mwaka 1847. Akaona hali, akaleta mwalimu wa kroshia, na kazi ikaenea nyumba kwa nyumba.

Kwa nini kroshia, wala si ufundi mwingine? Matajiri wa Ulaya walipenda lesi ya Venice, iliyoshonwa kwa sindano ya kawaida, tundu kwa tundu, kwa muda mrefu mno. Kroshia iliweza kuiga sura yake kwa haraka mara nyingi zaidi. Na vifaa havikuwa na gharama. Wanawake walichukua sindano nene au kipande cha waya, wakatengeneza kulabu kwenye ncha, wakaichomeka kwenye kijiti iwe na mshikio. Uzi wa pamba ulitosha.

Sikiliza namna walivyogawana kazi. Mmoja alifuma maua ya waridi tu. Mwingine majani, mwingine vishada vya zabibu. Familia nyingine zilikuwa na ua lao, na ziliificha mbinu yake kwa majirani kama mtu anavyoficha dawa. Kisha fundi wa kuunganisha alivipanga vipande vyote na kuvishika pamoja kwa wavu mwembamba wenye mafundo madogo. Hakuna aliyehitaji kujua kazi yote.

Pesa iliyopatikana ilinunua chakula na kulipa kodi ya ardhi, na wengine iliwapatia nauli ya kuondokea. Hilo si dogo. Lakini tusiipake rangi hadithi hii. Kola na magauni ya lesi yalivaliwa na wanawake wa London na Paris, na bei ilipangwa huko huko. Aliyefuma hakumwona aliyevaa. Kuanzia miaka ya 1880 viwanda vya Uswisi na Ujerumani vilianza kutoa lesi ya mashine iliyofanana na ile ya Ireland. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mitindo ya mavazi ikabadilika, soko likasinyaa, na ufundi uliolisha nyumba nyingi ukabaki kwa wachache.

Hapa nina neno langu. Kambini kila ufundi unaoanzishwa huitwa mradi wa kipato, na wakishakosa wanunuzi watu husema mradi umekufa. Wanawake wa Ireland walifuma vizuri mpaka mwisho. Kilichowaangusha ni soko, ambalo hawakulishika wao. Wewe ukiuza, uza, na usikubali bei ya dhuluma. Lakini kuna kazi ya mkono ambayo soko haliwezi kuishusha, nayo ni ile unayompa mtu unayemjua.

Wenye nguvu nao walilijua hilo. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mfumaji wa kroshia. Mwaka 1900, akiwa na miaka 80, alifuma skafu nane kwa mkono wake, ili wapewe askari waliochaguliwa kwa ushujaa katika vita vya Waingereza na Makaburu kule Afrika Kusini. Vita vile vilileta maafa makubwa, na simsifu mtu kwa ajili yake. Nataka uone jambo moja tu: mwanamke aliyekuwa na dhahabu na medali kabatini aliona skafu aliyoifuma mwenyewe inafaa kuwa zawadi ya heshima.

(Muziki mfupi)

Tumezungumza habari za lesi, nawe unasubiri blanketi. Blanketi la vipande vya mraba linatupeleka Marekani. Mwaka 1885 jarida moja la wakulima la huko, Prairie Farmer, lilichapisha kielelezo cha mraba mdogo wa kroshia, unaoanzia katikati na kuzunguka ukikua, kila mzunguko kwa rangi yake. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji uzi mwingi wa rangi moja. Mabaki yote yana kazi. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, pesa zilipokauka, Wamarekani wengi walifumua masweta yaliyochakaa na kuyageuza kuwa mablanketi ya namna hiyo. Kwa hiyo unapofumua sweta la mtumba, fahamu kwamba wengi wamekutangulia.

Na kwetu je? Kroshia ilikuja na wamisheni na shule zao. Katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji ilipita pia mlango mwingine: vituo vya wanawake vilivyoitwa foyer social. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa na kituo cha aina hiyo kuanzia miaka ya 1940. Wake za makarani na mafundi wa mjini walifundishwa kupika, kupiga pasi, kushona, kufuma na kulea mtoto kama Wabelgiji walivyoona inafaa. Ndani ya masomo hayo kulikuwa na dharau. Bibi zetu walikuwa wakilea watoto na kusuka mikeka na vikapu vya ajabu kabla ya mwalimu yeyote kufika. Naona walifanya la busara: dharau waliiacha darasani, sindano wakaondoka nayo. Vitambaa vya kroshia vikaenea juu ya meza na migongo ya viti, kuanzia Bukavu hadi Kigoma na Mombasa. Wengi wenu mlikimbia mkiviacha. Ufundi haukuhitaji kubebwa mgongoni.

Sasa hesabu kidogo, kwa mwenye nia. Mraba mmoja uwe na sentimeta 15 kila upande. Panga mitano kwa upana na saba kwa urefu, utapata blanketi la sentimeta 75 kwa 105, linalomtosha mtoto mchanga. Ni miraba 35. Wanawake watano wakifuma saba kila mmoja, hakuna atakayechoka, na anayejua sana ataunganisha, kama walivyofanya Clones.

Chagua uzi laini usiowasha. Usugue kwanza shavuni mwako. Fuma kwa kubana, matundu yawe madogo, maana kidole cha mtoto kikinasa kwenye uzi kinaweza kuumia. Mwisho wa kila uzi uufiche ndani ya vitanzi ili usifumuke. Usishone vifungo wala shanga, mtoto atavitia mdomoni. Lifue kabla ya kulipeleka. Na mzazi akilalia mtoto, blanketi liishie kifuani, lisifunike uso.

Mkifika nyumbani kwa mzazi, msimwambie nani kafuma mraba upi. Atauliza mwenyewe.

(Muziki wa kufungia)