Mpiga Kinanda Kutoka Unguja

Popote unaponisikia, uwe Diani, Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, vuta kiti tuzungumze kwa dakika chache.

Leo nitawasimulia habari za mtoto mmoja wa pwani hii yetu. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mtunza fedha wa mahakama wakati wa utawala wa Waingereza. Mtoto waliyempa jina Farrokh, dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury.

Labda utauliza, “Mchungaji, mwimbaji wa muziki wa roki ana nini na sisi?” Nivumilie kidogo, ndugu yangu.

Alipokuwa na miaka minane alipelekwa kwa meli hadi India, katika shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani, shule ya Kianglikana. Mkuu wa shule alitambua kwamba mtoto huyu ana sikio la muziki. Akawaandikia wazazi kuwa wakiongeza ada kidogo, atafundishwa vizuri. Wazazi wakakubali. Mtoto akajifunza piano, akafaulu mtihani wa daraja la nne, tena akaimba katika kwaya ya shule. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaunda bendi waliyoiita The Hectics. Humo yeye alikuwa mpiga piano; kiongozi wa uimbaji alikuwa mwingine.

Mwaka 1963 alirudi Unguja. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, jamaa yote ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akasomea sanaa ya uchoraji, na mwaka 1970 akaunda bendi ya Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon alijiunga nao mwaka uliofuata.

Basi, sikilizeni jinsi mtu huyu alivyotumia kipawa chake. Wanamuziki wengi hupata mtindo mmoja unaouzika, wakakaa humo maisha yao yote. Yeye hakukaa. Mwaka 1975 alitoa “Bohemian Rhapsody”, wimbo wa karibu dakika sita, wakati ambapo redio zilipenda nyimbo za dakika tatu. Unaanza polepole, unaingia katika opera, unalipuka kuwa roki, kisha unatulia tena. Ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo jirani zetu Waislamu hulitamka kila wanapoanza kula. Wimbo huo ulikaa juu ya orodha ya Uingereza kwa majuma tisa.

Mwaka uliofuata alitunga “Somebody to Love”, akifuata uimbaji wa makanisa ya Wamarekani weusi, kwa kuwa alimpenda sana Aretha Franklin. Ukisikiliza utadhani ni kwaya kubwa, kumbe ni sauti za watu watatu zilizorekodiwa mara nyingi, moja juu ya nyingine. Mwaka 1979 akatunga kwa gitaa, ala ambayo hakuimudu sana, wimbo wa mtindo wa miaka ya hamsini. Mwaka huo huo akapanda jukwaani London pamoja na wacheza baleti. Na mwaka 1988 akatoa “Barcelona”, albamu nzima aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji mkuu wa opera kutoka Hispania.

Tarehe 13 Julai 1985 ilifanyika tamasha kubwa la kuwachangia wenye njaa, hasa jirani zetu wa Ethiopia. Mbele ya watu wapatao 72,000 katika uwanja wa Wembley, mtoto wa Unguja aliketi kwanza kwenye piano, akaanza.

Tena liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Katika santuri ya kwanza kabisa ya Queen, ya mwaka 1973, mmo wimbo wake uitwao “Jesus”. Unasimulia habari za mwenye ukoma aliyemwendea Bwana akaguswa.

Wapenzi, nawaomba tusimame hapo. Tarehe 23 Novemba 1991 Freddie Mercury alitangaza kuwa ana UKIMWI. Kesho yake akafa, mwenye miaka 45. Makuhani wa Kiparsi walimfanyia ibada ya mazishi. Miaka ya mwisho aliificha hali yake huku akiendelea kurekodi. Kwa nini afiche? Nadhani sisi wa umri wangu hatuhitaji kuelezwa.

Nilikuwa mvulana wa shule ya msingi hapa Kwale katika miaka ile ya tisini. Mpiga kinanda wa kanisa letu, mzee tuliyemwita Mwalimu, aliugua. Watu wakaanza kunong'ona. Kikombe chake kikatengwa. Siku moja mama alinituma nimpelekee uji. Nikaitua chupa mlangoni, nikabisha hodi, nikarudi nyuma. Akaniita kutoka ndani, “Karibu mwanangu, ingia.” Nikajibu, “Nimeambiwa niwahi nyumbani, Mwalimu.” Sikuwa nimeambiwa hivyo.

Alipofariki, kinanda kilifunikwa kitambaa. Hakuna aliyetoa amri kisiguswe, lakini hakikuguswa. Tuliimba bila kinanda zaidi ya mwaka mzima, kwa kuziogopa zile funguo ambazo vidole vyake vilikuwa vimezibonyeza. Kilipofunguliwa hatimaye, panya walikuwa wametoboa mivukuto.

Mwaka 2023, piano ambayo Freddie Mercury alitungia nyimbo zake nyumbani iliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Mwalimu. Funguo zilizoguswa na mgonjwa mmoja zikawa hazina. Funguo zilizoguswa na mwingine, mgonjwa wa ugonjwa ule ule, tuliwaachia panya.

Sisimulii haya ili kumtangaza mtu kuwa mtakatifu, wala maisha yake yote kuwa ya kuigwa. Hata Unguja kwenyewe watu walibishana juu yake kwa miaka mingi. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka ilipingwa, na mwaka 2019 jumba la kumbukumbu yake likafunguliwa Mji Mkongwe. Ninachosema ni hiki: tulipenda nyimbo za watu hawa, lakini wao wenyewe tukawaogopa.

Hapa Msambweni, pale Tumbe, palikuwa na makao ya wenye ukoma. Wazee wetu wanajua maana ya mtu kutoguswa. Fungua Marko sura ya kwanza usome tena. Bwana angeweza kumponya yule mtu kwa neno tu, akiwa mbali. Lakini alinyosha mkono kwanza, akamgusa kabla hajatakasika.

Leo dawa zipo, na kila mtoto wa shule anajua kwamba virusi haviambukizwi kwa kupeana mkono wala kwa kikombe. Hata hivyo wako majirani ambao bado huchukua dawa zao kliniki ya mbali, ili wasionekane na watu wa kwao. Msikilizaji wangu, kama unamjua mmoja, nenda kamwone juma hili. Usiishie mlangoni kama mimi. Akikukaribisha ndani, ingia, uketi, unywe chai katika kikombe chake.

Mungu atusamehe tulipokimbia, atupe miguu ya kurudi. Amina.