Kanga, Kendwa na Dada Asiye na Jina

Wadau, picha za mitindo zinazopigwa Kendwa mnazijua: mchanga mweupe, bahari ya buluu, dada mwembamba kajifunga kanga, anaitazama kamera kana kwamba anakutazama wewe peke yako. (Mara nyingine jina la kanga liko kichwa chini, lakini tuyaache hayo.) Wengi tunadhani biashara hii imekuja na mahoteli ya kitalii. Wapi! Unguja imeifanya kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwishoni mwa karne ya 19 wapiga picha wa Kigoa, akiwemo A.C. Gomes, walikuwa na studio zao Mji Mkongwe. Wanawake walisimamishwa pale na kanga zao, wakapigwa picha, kisha picha zikageuzwa kadi za posta na kuuzwa kwa wageni. Chini hakuandikwa Fatuma wala Mwanaisha. Ilitosha kusema ni mwanamke wa Kiswahili. Aliyeipokea kadi huko Ulaya aliona macho yanamtazama, akajiona ameshaijua Zanzibar.

Lakini alikuwa akitazama nini hasa? Watumwa walikuwa wakivaa merikani na kaniki. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuufuta utumwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje hadi 1909. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoikimbilia kanga. Doti mpya ilikuwa tangazo: mimi si kijakazi wa mtu. Wafanyabiashara nao hawakulala, kila mara wakaleta mitindo mipya, na fedha ya kibarua ikaishia dukani.

Kwa hiyo nguo moja ilibeba tamaa mbili. Yeye alitaka uungwana. Mnunuzi wa kadi alimtaka yeye, au tuseme alitaka kisiwa chenye watu kama yeye. Na si kila aliyesimama mbele ya kamera alikuja kwa hiari yake. Wapo walioletwa na mabwana zao.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta. Hapo mteja alilipa mwenyewe, akachagua pozi lake, akaichukua picha nyumbani kwa watu wanaomjua kwa jina.

Zile kadi za zamani bado zinanunuliwa na wakusanyaji. Wanaangalia mpiga picha ni nani, karatasi imechakaa kiasi gani, stempu ni ya mwaka gani. Dada mwenyewe hakuna anayemuulizia.