"Nimemisi": Meseji ya Neno Moja Iliyowavuruga Binti wa Kigoma na Jamaa wa Kipili

Kuna jamaa mmoja wa Kipili, kule Nkasi mkoani Rukwa, jina lake kapuni. Enzi hizo MV Liemba bado inakata mawimbi ya Ziwa Tanganyika, alitakiwa afike Kigoma na mshenga wake. Kwao binti wazee washapanga kikao cha mahari. Siku ya safari binti akapokea meseji ya neno moja tu: "Nimemisi."

Mtoto wa watu akayeyuka. Akajibu "mimi pia" na makopakopa ya kutosha, akaendelea kukuna nazi.

Kumbe jamaa alimaanisha ameikosa meli!

Tatizo ni hiki kitenzi cha Kiingereza, "miss". Ni cha zamani mno, kwenye Kiingereza cha kale kilikuwa "missan", na kazi yake ilikuwa moja: kulenga shabaha ukakosa. Mshale umepita pembeni, basi. Ile maana ya kumkumbuka mtu hadi moyo unauma ilikuja kwenye karne ya 15, na ya kuchelewa chombo cha usafiri ikazoeleka karne ya 19. Mapenzi na nauli vikawekwa kapu moja. (Miss wa mashindano ya urembo, yale ya Miss Tanzania yaliyoanza 1967 na kurudi 1994, hahusiki hapa. Huyo ametokana na "mistress", ni majina tu yamefanana.)

Sasa Kiswahili chetu kina "kukosa", nacho si haba. Unakosa penati, unakosa hela, unakosa meli, unamkosea mtu. Ila ukimwambia mpenzi "nimekukosa", inasikika kama umempigia simu hakupokea, au kaolewa na mwingine. Wazee walisema "nina hamu na wewe", tamu kweli, ila ndefu kwa vijana wa meseji. Ndiyo maana "nimekumisi" ilipoingia mjini haikutoka tena.

Na hapo ndipo jamaa alipoteleza. Kiswahili kinataka useme unammisi nani au nini, katikati ya neno. Ukiweka -ku- ni mapenzi, ukiweka -i- ni meli. Yeye hakuweka kitu. Uvivu wa herufi moja!

Tena kuikosa Liemba si sawa na kukosa daladala ya Mbagala. Meli yenyewe ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza tena kazi 1927. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, abiria walifuatwa na boti ndogo katikati ya maji, mara nyingi usiku. Ikishapiga honi na kuondoka, hairudi kesho asubuhi. Unasubiri siku kadhaa unaangalia maji.

Kigoma wazee walikaa na kanzu zao mpaka pilau ikapoa. Baba mkubwa akamuuliza binti, "Si umesema amekuandikia?" Binti akamwonyesha simu. Mzee akavaa miwani, akasoma, akauliza, "Amemisi nini?"

Ndipo binti naye akaanza kujiuliza.

Jamaa alitokea safari iliyofuata. Kabla ya kutaja mahari akatozwa faini ya kuchelewesha kikao. Mshenga alilipa nusu.