Rangi za Kiwambo Zinapoharibika Katika Kompyuta ya Zamani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuiondoa Kazini

Kompyuta ya zamani inayoonesha picha zenye mabaka, au ambayo kiwambo chake kimegeuka chote kuwa cha njano, si lazima iwe imefikia mwisho wa matumizi yake. Mashine za Windows 98 na Windows XP bado zipo katika baadhi ya ofisi na shule, zikichapa barua na kutunza orodha za miaka mingi. Hitilafu ya rangi inaweza kusababisha kifaa kizima kuondolewa, pamoja na kumbukumbu zilizomo, ilhali kilichohitajika ni kubadili mpangilio mmoja au kukaza kebo.

Jambo la kwanza ni kubaini tatizo liko wapi: ndani ya kompyuta, kwenye kebo, au kwenye kiwambo chenyewe. Njia rahisi ni kubonyeza kitufe cha menyu kilichopo kwenye fremu ya kiwambo. Menyu hiyo huchorwa na kiwambo, haitoki kwenye kompyuta. Ikionekana na rangi sahihi huku picha nyingine ikiwa na kasoro, kiwambo hakina budi kuachwa kwanza na ukaguzi kuelekezwa kwenye kebo na kompyuta. Aidha, mtumiaji anaweza kunasa picha ya kiwambo kwa kitufe cha Print Screen, kuihifadhi na kuifungua katika kompyuta nyingine. Picha ikionekana vizuri huko, mpangilio wa rangi katika kompyuta ya kwanza hauna kosa.

Iwapo dalili zinaelekeza kwenye mpangilio, katika Windows XP mtumiaji hubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa kiwambo, huchagua "Properties", kisha "Settings". Hapo huoneshwa ubora wa rangi unaotumika. Biti 8 hutoa rangi 256 tu, biti 16 hutoa rangi 65,536, na biti 24 hutoa zaidi ya milioni 16. Picha ya mtu inayoonekana kama imepakwa mabaka, au rangi za dirisha moja kuvurugika kila linapofunguliwa jingine, ni dalili ya kawaida ya rangi 256, kwa kuwa programu zote hulazimika kugawana orodha moja fupi ya rangi. Baada ya badiliko, Windows XP husubiri sekunde 15 ili mtumiaji athibitishe. Asipofanya hivyo, mpangilio wa awali hurejea. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kujaribu.

Hutokea pia kwamba kompyuta inakataa kupandisha idadi ya rangi. Katika mashine za miaka ya 1990 sababu mara nyingi ni hesabu tu. Kiwambo cha nukta 1024 kwa 768 kina nukta 786,432. Kwa biti 8, kila nukta huhitaji baiti moja, na picha yote huenea katika kadi ya picha yenye kumbukumbu ya megabaiti 1. Kwa biti 16 mahitaji huongezeka maradufu na kadi hiyo haitoshi. Mtumiaji akishusha nukta hadi 800 kwa 600, biti 16 huhitaji baiti 960,000, nazo huenea. Maandishi yataonekana makubwa zaidi, jambo ambalo kwa wasomaji wengi si hasara.

Katika Windows XP, ambako kumbukumbu ya kadi ni nadra kuwa kikwazo, sababu nyingine hukaguliwa. Maneno "Safe Mode" yakionekana kwenye pembe za kiwambo, rangi chache ni za kawaida na kompyuta iwashwe upya. Rangi zikiharibika pale tu programu fulani inapofunguliwa, huenda programu hiyo imewekewa alama ya kutumia rangi 256. Na kiwambo kikigeuka ghafla kuwa cheusi chenye maandishi meupe au ya rangi kali, pengine vitufe vya Alt na Shift vya kushoto vilibonyezwa pamoja na Print Screen. Kuvibonyeza tena hurejesha hali ya awali.

Kebo ya VGA hubeba nyekundu, kijani na buluu katika pini tofauti. Nyekundu ikikatika, mahali peupe huwa samawati. Kijani ikikatika huwa zambarau. Buluu ikikatika huwa njano. Kompyuta izimwe, kebo ichomolewe, pini zitazamwe kama zimepinda, kisha irudishwe na skrubu zake zikazwe. Kati ya nafasi 15 za pini, ile ya tisa, iliyopo safu ya kati, huachwa wazi katika kebo nyingi. Hilo si kosa.

Kwa viwambo vizito vya kioo cha zamani, mabaka ya rangi kwenye pembe husababishwa mara nyingi na sumaku, hasa ya spika zilizowekwa karibu. Spika zisogezwe, kisha kiwambo kizimwe na kuwashwa tena baada ya muda ili kijiondolee usumaku. Kiwambo cha aina hiyo kisifunguliwe na asiye fundi: ndani yake huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Programu ya kuendesha kadi ya picha ikihitajika upya, ichukuliwe kwa mtengenezaji wa kifaa kupitia kompyuta nyingine. Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida kwa Windows XP tarehe 8 Aprili, 2014, hivyo kuiunganisha na intaneti kutafuta programu hiyo ni kuhatarisha taarifa zilizomo. Na iwapo kiwambo cha kioo kitathibitika kuwa kimekufa, kisivunjwe wala kuchomwa, kwani kioo chake kina madini ya risasi. Kompyuta yenyewe iunganishwe na kiwambo kingine na kuendelea kutumika.